Kupiga Deki

Usiku huu afisa ni mimi.
Nimevaa miwani ya Mama inayonipa kizunguzungu,
na muhuri wangu ni kizibo cha chupa ya achari.
Dada yangu Roshnie amesimama ng'ambo ya meza,
maana kule Georgetown ubalozini hupewi kiti,
unasimama mbele ya kioo
kama anayekata tiketi.

Inua mkono wa kulia. Anainua.
Mlionana lini mara ya kwanza?
"Harusini kwa Deokie. Mvua.
Alinishikia mwavuli, maji yote yakaniingia shingoni."
Usicheke sana, namwambia. Usinune pia.
Anaishi wapi?
"Schenectady, juu ya duka la matairi."
Chakula asichokipenda?
"Bilinganya. Anasema inamtazama."

Mumeo anafanya kazi gani?

Hapo ndipo gari lilipokwama mwaka jana.
Dirisha la saba, kijana mwenye masikio mekundu
aliuliza hivyo hivyo, kwa upole tu,
na dada, aliyekuwa ameapa dakika mbili kabla,
akajibu: muuguzi.
Kwenye fomu, kwa mwandiko wa Lakeram mwenyewe:
msafishaji, hospitali, zamu ya usiku.
Kijana akatazama fomu, akamtazama dada,
akarudi kwenye fomu.
Akapitisha chini ya kioo karatasi nyeupe yenye visanduku,
kimoja kimetiwa alama.
Miezi kumi na minne tumekula nayo, tumelala nayo.

Na uongo wenyewe haukuwa wake.
Mama ndiye aliyeupika siku ya posa
ili shangazi Sumintra asipate la kusema.
Ukaruka uzio, ukafika kinu cha mpunga,
ukarudi nyumbani umevaa koti jeupe.
Hata sisi tukausadiki.
Nilimpigia Lakeram simu kumuuliza dawa ya jino,
naye, maskini,
akanitajia.

Sasa bahasha imenona:
picha arobaini, stakabadhi za fedha, tiketi zake mbili za kuja Berbice,
na barua ya msimamizi inayosema bila haya
kwamba bwana huyu hupiga deki korido za ghorofa ya nne
tangu saa nne usiku hadi kunapambazuka,
wala hajachelewa hata siku za theluji.
Barua hiyo dada anailalia, chini ya mto.

Narudia. Mumeo anafanya kazi gani?
Jikoni bomba linatiririka.
"Msafi..."
Sikusikii.
"Anasafisha."
Mbona unatazama chini?
Sakafu mwachie mumeo. Wewe tazama kioo.

Bomba likafungwa.
Mama akatoka, mikono ikichuruzika,
akanivua miwani bila kuniomba, akaivaa,
akasimama pale nilipokuwa.
"Mkwe wangu anafanya kazi gani?"
Dada akameza mate.
"Anapiga deki, Mama."
"Wapi?"
"Hospitali."
"Sema kwa sauti. Dirisha liko wazi
na Sumintra hajalala."

Akasema.
Mbwa wa jirani akabweka, akanyamaza.
Kule ng'ambo ya uzio taa ikawashwa,
ikakaa kidogo, ikazimwa.
Mama akafuta macho kwa kiwiko,
akasema ni vitunguu. Vitunguu vyenyewe
tulimaliza kukata saa moja.

Saa nane usiku minibasi itapiga honi,
tuwahi daraja kabla halijafunguliwa kupisha meli.
Dada anauliza: nimepita?
Kizibo kimo kiganjani mwangu, kimepata joto.
Sikumwambia kwamba nimehesabu:
nikigonga, chumbani kwetu kitabaki kitanda kimoja chenye mtu.
Nikagonga.
Kikaacha duara la mafuta kwenye kitambaa kipya cha meza,
na Mama, ambaye angenichapa kwa chini ya hapo,
akalitazama tu.